Dinosaria la Magunia na Sifuri za Kitongoji cha Juu

Kabla hamjaniuliza, nawajibu. Hapana, sijawahi kuona dinosaria. Hapana, hakuna aliyejificha kwenye ziwa la volkano huko mlimani. Na hapana, mbu tuliokuwa tunawakamata hawakuwa chakula chake.

Naandika haya kwa sababu mwalimu wenu wa sayansi amenifuata nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza aliniomba nije shuleni kuongea nanyi, nikamwambia sijui kusema mbele ya watu. Mara ya pili akaniletea daftari. Mara ya tatu akaja kuuliza daftari limefika wapi. Nikamwonyesha ukurasa mmoja.

"Mama Atupele," akasema, "kwa mwendo huu watoto watamaliza kidato cha nne."

Mtanivumilia. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mkono wangu ulizoea kuandika namba kuliko maneno. Kazi yangu ilikuwa kukamata mbu kwa ajili ya watafiti wa malaria, na niliifanya mpaka magoti yalipokataa kupanda milima ya Ikuti. Mwalimu anasema baadhi yenu mtaajiriwa likizo hii kufanya kazi hiyohiyo. Nilifurahi kusikia. Kisha akaongeza, "Na uwaeleze kidogo habari za dinosaria, wanazipenda sana." Nikakaa chini. Miaka yote hii, na bado ni dinosaria.

Aliyetuletea balaa hilo ni Daktari Namsifu. Alikuwa Mpare, mtafiti wa mbu, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Utotoni alitaka kuchimba mifupa ya dinosaria kama ile iliyopatikana kule Lindi. Maisha yakampeleka kwenye mbu, lakini moyo ulibaki kwenye mifupa. Kila tulipokwenda kijijini kueleza watu kwa nini tunataka kuingia nyumbani kwao, alianza na dinosaria. Mbu, alisema, ni wa zamani mno. Walikuwepo dinosaria walipokuwepo, na dinosaria wakaisha, mbu wakabaki. Nilimwomba mara moja, kwa sauti ndogo, aanze na mbu.

"Ukianza na mbu, watu wanasinzia," akanijibu. "Ukianza na dinosaria, wanakaa."

Walikaa kweli, lakini kwa mbu hatukufika.

Tulikuwa na dinosaria letu. Fundi seremala wa Tukuyu alionyeshwa picha mara moja tu, akaondoka kama mtu aliyeelewa. Mifupa ilikuwa ya mianzi, ngozi ya magunia ya viazi, rangi ni ile ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango ya shule. Lilikuwa refu kama pikapu. Na fundi aliliwekea masikio ya ng'ombe. Daktari alipolalamika, fundi akashangaa: "Sasa mnyama asiye na masikio utamwitaje akasikia?" Masikio yakabaki. Wakati wa mvua gari likikwama, na kwetu mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, tulilishusha dinosaria tukalibeba kichwani mimi na Ambokile, tukapita migombani na mbwa wote wa kijiji nyuma yetu.

Ambokile ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kazi. Mwenyeji wa Ikuti, mkamataji hodari, na mdomo wake haukujua likizo. Siku za mikutano yeye alisimama mbele na Daktari kugawa karatasi. Mimi nilisimama ndani ya dinosaria. Shingo ilikuwa nzito kuliko mwili, kwa hiyo mtu mmoja ilibidi aingie kwa nyuma na kuishikilia, la sivyo kichwa kinaanguka mbele ya wananchi. Niliipenda kazi hiyo. Nilikuwa mke kijana, mwenye haya, naangalia vidole vya miguu yangu hata nikisalimiwa na watoto. Humo ndani hakuna aliyeniona, nami nilisikia kila kitu. Nilichosikia kilikuwa hiki.

"Daktari, huyu mnyama alikuwa analiwa?"

"Mzee wangu, alikufa zamani mno, kabla ya watu."

"Sijauliza alikufa lini. Nimeuliza nyama."

Mchungaji naye: "Na kwenye safina alikaa wapi?"

"Chini kabisa, mchungaji," Ambokile akadakia, "chumba kimoja na mbu. Ndiyo maana yeye kafa, mbu wamenenepa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Daktari alisubiri kicheko kiishe, akafungua mdomo kusema habari za chandarua, na mama mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama mayai yake yalikuwa na ganda. Saa mbili zilikwisha hivyo. Tukiondoka, mtu akatuuliza njiani, "Sasa hao mbu mnawapeleka kwa mnyama wenu wapi?" Baada ya siku mbili nyumba nne zikatufungia milango. Zilisema mbu tunaowachukua wamejaa damu ya watoto wao na kwamba tuna dinosaria hai, mjusi mkubwa, mahali tunamnywesha. Ilituchukua mwezi mzima kuwarudisha. Nilibisha hodi mlango kwa mlango nikiwa na kikombe cha mbu waliokufa, nikieleza kwamba hatuna mjusi, tuna magunia tu. Unajua uchungu wa kumweleza mtu mzima, kwa heshima zote, kwamba huna mjusi?

Basi niwape la kazi, kabla dinosaria hajalimeza na daftari hili.

Mbu wa malaria hutafutwa alfajiri, ndani ya chumba cha kulala, wakati ameshashiba na tumbo limekuwa zito. Anatulia ukutani, na ukimwona mkia wake umeinuka juu kama mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu, huyo ndiye. Tunamvuta kwa mrija: kioo upande mmoja, mpira upande wa mdomo, na katikati kipande cha chandarua. Usivute kama mnywa soda. Vuta pumzi fupi, kama mtu anayeonja chai ya moto. Na kabla hujaanza, hakikisha kile kipande cha chandarua kipo. Mimi siku yangu ya kwanza sikuhakikisha. Nilimeza watatu. Ambokile aliniuliza niwaandike safu gani ya fomu.

Ukitafuta viluwiluwi, simama jua likiwa mbele yako. Kivuli chako kikigusa maji wote wanazama, nawe utaondoka ukisema dimbwi ni safi. Ingiza upawa taratibu, kwa ubavu. Wa malaria wamelala sambamba na uso wa maji kama vijiti. Wengine wananing'inia kichwa chini. Na msidanganywe na baridi. Kila mtu huku juu atawaambia hakuna mbu kwa sababu kuna ukungu. Wanasahau mashimo waliyochimba udongo wa matofali, yamejaa maji, yanapata jua la mchana. Wanasahau kwamba moto unaowapasha wao jikoni unampasha na mbu.

Hayo niliyajua yote. Ndiyo maana kosa langu halikuwa la kutojua.

Nawaeleza sasa, kwa sababu mwalimu amesema niandike mambo yanayofundisha, na lililonifundisha mimi ni hili. Karibu niwanyime watu wa kitongoji kizima dawa.

Daktari aliniajiri kwa sababu moja, na aliisema mbele ya wote: "Huyu ni mwenyeji wa hapa. Kila mlango utafunguka kwake." Nyumba za bondeni akampa Ambokile. Nyumba za kitongoji cha juu akanipa mimi. Nikaangalia vidole vya miguu yangu, nikasema ndiyo Daktari. Katika nyumba zile kumi na mbili, tatu zilikuwa za baba mkwe wangu na wadogo zake wawili.

Kwenu ninyi hilo si kitu. Mnakula meza moja na baba wakwe zenu na mnapiga nao picha. Kwetu Wanyakyusa, na hasa katika ukoo nilioolewa, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Nikimsikia anakohoa njiani, naingia migombani mpaka apite. Jina lake silitamki, hata humu daftarini halimo. Na ndugu zake ni kama yeye. Walikuwa watu wa kanisa, hawakosi Jumapili, na bado jambo hili walilishika kwa mikono miwili. Kwa mama mkwe nilifika, tena kwa mlango wa nyuma wa jikoni, baada ya kuuliza kama mzee yupo. Lakini kuingia kwenye chumba anacholala baba mkwe, alfajiri, na tochi, nimulike juu ya kitanda chake? Ni afadhali ningeambiwa nimlete dinosaria akiwa hai.

Mgeni yeyote kutoka Mwanza au Mtwara angeweza kuingia nyumba ile. Kijiji kizima kingeweza. Asiyeweza alikuwa mwenyeji aliyechaguliwa kwa sababu kila mlango utafunguka kwake.

Ningeweza kusema. Ninyi mtajiuliza kwa nini sikusema, na mimi nimejiuliza. Ambokile angeenda badala yangu kwa dakika kumi na angepiga na soga juu. Lakini alfajiri ya kwanza nilisimama nje ya nyumba ya baba mkwe, nikamsikia anajigeuza kitandani, nikarudi nyuma ya mgomba, nikatoa fomu. Kisanduku kilisema: idadi ya mbu. Nikaandika sifuri. Niliona haya kukiacha kitupu, kingeonekana kama uvivu. Alfajiri ya pili nikaandika tena. Baada ya hapo sikuweza kumwambia Ambokile, maana ningemwambia na zile za nyuma. Sifuri ya kwanza huzaa nyingine. Kwa wiki sita niliziandika, nyumba tatu, kwa mwandiko mzuri sana. Daktari aliusifu mwandiko.

Na nyumba nyingine tisa? Nilipata mbu wachache, mmoja hapa, wawili pale. Zile tatu ndizo zilikuwa karibu na mashimo ya matofali.

Kule kwa mama mkwe aliishi mjukuu wao, Tumpe, mtoto wa wifi yangu, mwenye miaka minne. Wiki moja kabla ya mkutano mkubwa Tumpe alishikwa na homa, na mchana wake degedege. Baba mkwe alimbeba mgongoni mwenyewe mpaka zahanati, mbio, mteremko wote ule, na matope. Muuguzi akapima, akasema malaria. Mtoto akatibiwa, akapona. Nilikwenda jikoni kwa mama mkwe kumpa pole.

"Ameipata sokoni," mama mkwe akaniambia, akimpulizia uji. "Tulimpeleka Tukuyu juzijuzi. Huku juu mbu hakuna."

Nikasukuma kuni ndani ya moto.

"Hata wewe si ndiye uliyetazama, mwanangu? Baba yenu aliuliza ofisi ya kijiji. Wakamwambia nyumba yetu ni sifuri. Akafurahi. Akasema basi chandarua tuwape wa bondeni."

Nilimtazama mtoto akinywa uji. Hata leo nikinusa uji wa ulezi nakumbuka.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Siku hiyo watu walijaa, maana walikuja wapuliza dawa, wale wanaopulizia kuta za nyumba ili mbu akitua afe. Dawa haikutosha kijiji kizima. Daktari alikuwa ameombwa aseme vitongoji gani vipuliziwe, kufuata fomu zetu, na kesho yake gari la dawa lingeondoka kwenda Matwebe. Lisingerudi mpaka mwaka uishe.

Mimi nilikuwa ndani ya dinosaria, nimeshika shingo. Kupitia tundu la gunia nilimwona baba mkwe mstari wa mbele, kofia gotini, kando yake wadogo zake. Nikahamisha jicho haraka.

Daktari akaanza na dinosaria. Bila shaka. Magari yanasubiri, mvua inakuja, yeye anaeleza shingo. Maswali yakaja yaleyale: nyama, ngozi, safina. Kisha mtoto mmoja akasimama, akauliza swali ambalo huulizwa kila mkutano, nami jibu lake nililijua kwa moyo kama sala ya chakula.

"Na hapa kwetu walikuwepo?"

"Hatujui," Daktari akajibu. "Mawe ya Rungwe ni ya volkano, hayatunzi mifupa. Lakini mtu akikwambia hapa hawakuwepo, muulize: umechimba wapi? Kama hukuchimba, usiseme hakuna. Sema sijatazama."

Kisha, bila hata kumeza mate, akafungua fomu na kusema kwamba kitongoji cha juu hakitapuliziwa. "Nyumba tisa zimetoa mbu wachache tu, na tatu hazikutoa hata mmoja kwa wiki sita," akasema, na akatabasamu kwa wenyeji wake. "Hongereni."

Baba mkwe akainua kofia kidogo kushukuru.

Mikono yangu ikaanza kutetemeka, na kwa kuwa ndiyo iliyoshika shingo, dinosaria likaanza kutikisa kichwa. Kushoto, kulia. Watu wakaona. Ambokile akanong'ona kwa pembeni, "Wee, tulia, unamkatalia Daktari."

"Ndiyo," nikasema. Sikukusudia kusema kwa sauti. Lakini nilikuwa nimeweka mdomo karibu na tundu, na shingo ilikuwa ya mwanzi, sauti ikatoka kubwa. "Daktari, sifuri hizo ni za uongo."

Mtoto mmoja akapiga kelele, "Limeongea!" Bibi mmoja akainuka na kigoda chake akaondoka bila kugeuka. Sikumwona tena mkutanoni mpaka alipofariki.

"Nani yumo humo?" akauliza mwenyekiti wa kijiji, ingawa alijua.

"Ni mkamataji wangu," Daktari akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Toka uje hapa mbele useme vizuri."

"Siwezi kutoka, Daktari."

"Kwa nini huwezi?"

Baba mkwe alikuwa hatua nane kutoka kwangu. Nikisogea nje ya gunia lile tumeonana uso kwa uso mbele ya kijiji.

"Hizo nyumba tatu sikuingia," nikasema. "Niliishia migombani. Sikutazama, nikaandika sifuri. Wiki zote sita."

"Nyumba zipi hizo?" akauliza mwenyekiti. "Taja wenyewe."

"Siwezi kuwataja."

Hapo wanawake wote wakaelewa. Nilisikia pumzi yao, "Aaa," kama maji yanayomwagwa kwenye moto. Walielewa mara moja, wake wote wa uwanja ule, na wazee nao wakaanza kutazama kofia zao. Aliyebaki hajaelewa ni mmoja tu, Daktari wetu msomi, amesimama na fomu mkononi anauliza, "Hawezi nini? Hawezi vipi? Mbona mnanyamaza?"

"Daktari," Ambokile akasema, na kwa mara ya kwanza hakutania, "ulimtuma kwa wakwe zake."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia saa ngapi? Wewe muda wote uko na dinosaria."

Kicheko kilianza, kikafa chenyewe, kwa sababu baba mkwe alikuwa amesimama. Hakutazama upande wangu. Alitazama masikio ya ng'ombe.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa nizungumze na mjusi."

"Zungumza, tata," mwenyekiti akajibu, maana kwetu mzee huitwa tata, yaani baba.

"Mwambieni mjusi," akasema, "kwamba mjukuu wangu nimembeba mgongoni na moto wake. Nilidhani ameutoa sokoni. Mwulizeni, je, ameutoa kwangu?"

Mwenyekiti akageukia gunia. "Umesikia, mjusi?"

"Nimesikia. Mwambieni sijui. Sikutazama. Ila nyuma ya nyumba kuna mashimo ya matofali, na mimi nayajua mashimo."

Nilikuwa nalia humo ndani, na sikuwa na mkono wa kufuta machozi, nikiachia kichwa kinaanguka.

"Mwambieni mjusi ana adabu," baba mkwe akasema hatimaye. "Adabu yake nimeiona. Lakini angenituma mtu, ningetoka. Nyumba nina uwezo wa kutoka. Kesho kabla ya jua mimi nitakuwa shambani kwenye chai. Na wadogo zangu hawa watakuwa kwenye chai, wapende wasipende. Mjusi aingie, atazame." Akaketi. Kisha akasimama tena. "Na hawa wenye dawa wasubiri."

Mkuu wa wapuliza dawa alisema ratiba hairuhusu. Daktari alimvuta pembeni. Sijui alimwambia nini, ila nilisikia neno "dinosaria" mara mbili, na yule bwana akakubali kusubiri mpaka saa sita mchana. Nadhani alitaka tu anyamaze.

Alfajiri niliingia nyumba ya baba mkwe kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kigoda aliacha kandili inawaka, utambi ameushusha vizuri usitoe moshi. Kitanda alikisogeza kutoka ukutani ili nipite. Blanketi limekunjwa. Nilisimama kidogo, sikujua niweke wapi macho. Kisha nikamulika ukuta, na pale juu ya mto walikuwapo, mikia juu, matumbo mekundu. Nikavuta pumzi za chai ya moto. Kumi na mmoja. Kwenye pembe alipolala Tumpe, wanne. Kwa wadogo zake, saba na tisa.

Kitongoji cha juu kilipuliziwa saa sita ileile.

Daktari hakunifukuza. Afadhali angenifukuza kuliko alivyonisema, njia nzima kutoka Ikuti mpaka Tukuyu, na gari lilikwama mara mbili. "Uongo wa mwenye mwandiko mzuri ndio mbaya kuliko wote," aliniambia. Akanifanya nikate kila sifuri kwa mstari mmoja, ile ya chini ibaki inasomeka, na pembeni niandike "hakuingia" na jina langu. Akaninyang'anya penseli, akanipa kalamu ya wino, nisiweze kufuta. Karibu na Tukuyu akasema, "Na mimi ilinipasa kuuliza." Lilikuwa jambo la kwanza nililowahi kumsikia akisema bila kuliingizia mnyama.

Sasa nasikia mtapewa vishikwambi. Mwalimu alinionyesha kimoja. Nikajaribu kuacha kisanduku kitupu, kikakataa, kikawa chekundu, kinataka namba ndipo kiendelee. Nilikaribia kukitupa migombani. Kwani aliyekitengeneza hakuwahi kuwa na baba mkwe? Mwambieni bosi wenu aweke mahali pa kuandika "sikuingia". Akikataa, andikeni kwenye karatasi. Usiandike sifuri kwa sababu mashine imekasirika. Usiandike sifuri kwa sababu umeona haya, au mbwa ni mkali, au mvua imekukuta njiani. Sema sijatazama. Hakuna aibu ndani yake. Nimeishi na aibu ya namna nyingine, naujua uzito wake.

Tangu siku ile baba mkwe na mimi tulikuwa na utaratibu. Siku za kukamata alitundika kofia yake kwenye mgomba wa mlangoni kabla hajaenda kwenye chai, maana yake mjusi aingie. Nikimaliza, niliigeuza kofia ndani nje, maana yake nimetoka. Hatukuwahi kusemezana. Ndizi zikiiva alimwambia mama mkwe, "Hizi ni za mjusi," nami nikazikuta jikoni. Miaka ikapita hivyo, na yeye akazeeka, miguu ikagoma.

Asubuhi moja ya masika nilifika nikakuta kofia iko kwenye mgomba, imelowa chapa. Nikashangaa, kwa kuwa nilijua hawezi tena kufika kwenye chai. Nikazunguka kwa upande wa jikoni kumuuliza mama mkwe, na pale ukutani, nje, nikaona mgongo wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika gunia, amegeukia shambani, mvua inamteremkia. Alikuwa ametoka ili mimi niingie.

Nikarudi mbio mlangoni. Nawaambia kweli, nilitamani kuchungulia tu, niandike, nitoke, mzee arudi kwenye moto. Mkono ulishafika kwenye kisanduku. Nikausimamisha. Nikamulika ukuta wa kwanza, wa pili, nyuma ya mlango, chini ya kitanda, ndani ya koti lililotundikwa, pembe zote nne na dari. Nikarudia upya, kwa sababu ya gunia lile mvuani. Hakukuwa na mbu hata mmoja.

Nikaandika sifuri kwa wino. Nikatoka nikageuza kofia, na nyuma ya jikoni nikasikia kigoda kinasogezwa.